Kurudi Kiwandani

Barua ya mwenye jengo mpya ilikuwa na mistari minne, na mitatu ilikuwa ya salamu. Wa nne ulisema kwamba kuanzia mwezi wa saba kodi ya karakana ile ya Somerville, kando ya Boston, ingepanda kutoka dola elfu tisa kwa mwezi hadi elfu ishirini na mbili, na asiyeweza aondoke ifikapo mwisho wa mwezi wa sita. Odília Furtado aliisoma amesimama mlangoni. Akaikunja, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akarudi kwenye mashine kumalizia kazi iliyokuwa inafumwa. Hakuwaambia wafanyakazi wake wanne mpaka walipokwisha kula chakula cha mchana. Alijua wakiambiwa kabla, chakula hakitapita kooni.

Kampuni yake ilikuwa changa, haijamaliza mwaka wa tatu, nayo ilitengeneza kitu kimoja tu: soksi za mkono. Mwanamke aliyetolewa titi kwa saratani mara nyingi mkono wake huvimba, na soksi za kubana zinazouzwa madukani humkaba pasipotakiwa na kumlegea panapotakiwa. Odília alikuwa amebuni njia ya kuupima mkono kwa kamera ya simu na kufuma soksi ya mgonjwa huyo mmoja peke yake. Hospitali mbili za Boston zilikuwa zinanunua. Ya tatu ilikuwa inataka soksi mia sita kila mwezi. Kazi ipo, wagonjwa wapo, pa kufanyia kazi hapapo.

Jioni ile, mumewe Gil alibandika karatasi kwenye mlango wa friji na kuandika majina ya miji. Gil alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, mtu mpole kutoka Vermont, na shida yoyote ikiingia nyumbani yeye huiandikia orodha.

"Tuanze na kubaki hapahapa," alisema.

"Hapahapa kuna kile chumba cha chini ya ardhi kule Chelsea. Elfu kumi na mbili, na mvua ikinyesha maji yanaingia."

Gil akakata. "Lowell?"

"Nimekwenda. Viwanda vyote vya zamani wamevigeuza fleti. Kimoja kina bwawa la kuogelea pale penye mitambo."

"Worcester?"

"Yule bwana anataka tumwekee nyumba rehani. Nikamwambia hatuna nyumba. Akaniuliza, mna miaka mingapi nyie? Nikamwambia thelathini na tisa. Akanitazama kama vile nimemwambia sina meno."

Gil hakucheka. Walikuwa wameuza gari moja mwaka jana ili kuwalipa wafanyakazi, na chumba cha binti yao Benedita kilikuwa kabati lililotolewa milango. Fleti yao wenyewe ilikuwa inakula mshahara wote wa Gil.

"Na wazo la yule mwekezaji, Thayer? Kufumia ng'ambo?"

"Mkono wa mgonjwa hausubiri meli, Gil. Ukimpima leo, baada ya wiki tano mkono ni mwingine."

Akakata hiyo pia. Kisha akasimama na kalamu mkononi. "Kuna mji umeuruka."

"Sijauruka."

"Fall River."

"Nimekwambia sijauruka. Nimeuacha."

Gil alijua kwa nini, ila hakuwahi kuielewa sababu yenyewe. Mama yake Odília, Bi Deolinda, alikuwa ameshona miaka thelathini na mmoja katika kiwanda kimoja cha mawe kule Fall River, tangu alipofika kutoka visiwa vya Azori vya Ureno akiwa msichana. Odília alipokuwa na miaka tisa, mama huyo alipiga magoti mbele ya taji la Roho Mtakatifu, lile la fedha ambalo watu wa Azori huliweka nyumba kwa nyumba wakati wa sikukuu yake, akaweka nadhiri: mwanawe asije akala mkate wa kiwandani, naye atalisha watu supu kila mwaka maadamu ana nguvu ya kushika upawa. Mwana akasoma, akapata kazi Boston. Mama akalisha watu miaka thelathini bila kukosa. Mtaa mzima wa Columbia uliijua nadhiri hiyo kama unavyojua saa za misa.

"Mimi naona ni jengo tu," Gil alisema taratibu. "Kuta na sakafu."

"Kwenu Vermont ni jengo tu," Odília alimjibu.

*

Bwana Thayer, mwekezaji, naye alikuwa na orodha yake. Alikuwa ametoa nusu ya fedha alizoahidi. Nusu ya pili aliishikilia mpaka kampuni itakapohama. Alizungumza na Odília kwa simu ya picha, nyuma yake ukuta mweupe usio na kitu.

"Mbona hunitajii Fall River? Kodi robo ya hapo. Washonaji wamekaa bure. Wanawake wa miaka hamsini, sitini, mikono yao ni dhahabu, na hawana mahali pengine pa kwenda. Nimeona takwimu."

"Ni kwetu," Odília alisema.

"Kwenu! Na ulikuwa unangoja nini kusema? Basi watakuamini."

Akamtumia jedwali. Washonaji kumi na wawili wa kumalizia soksi zinazotoka mashineni. Mshahara wa msingi, kile kima cha chini cha sheria, si senti zaidi. Juu yake nyongeza kwa kila kipande, na hiyo nyongeza ndiyo ya kumfanya mtu aweze kuishi. Kila cherehani ifungwe kidude cha kuhesabu. Cherehani ikisimama zaidi ya dakika kumi na mbili kwa zamu, mshonaji anakosa nyongeza ya siku nzima.

"Dakika kumi na mbili ni chache," Odília alisema. "Kuna kubadilisha uzi. Kuna sindano kukatika."

"Odília. Mji ule tunaufuata kwa sababu gani? Mandhari?" Thayer alitabasamu, si kwa ubaya. "Nusu ya pili inafuata jedwali. Jedwali likibadilika, fedha zinabaki kwangu, na wewe utanunua mashine moja badala ya mbili. Sikulazimishi. Nakueleza tu hesabu ilivyo."

"Nimeelewa," Odília alisema.

Neno hilo si ndiyo wala si hapana. Thayer alilisikia kama ndiyo, na Odília akamwacha alisikie hivyo.

*

Alikwenda Fall River siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, akapita mbali na nyumba ya mama yake kama mwizi. Mwenye kiwanda alikuwa Abílio Raposo, mtu mnene mchangamfu aliyekuwa amenunua jengo lote kwa bei ya kutupa miaka ile lilipofungwa. Alimpandisha ngazi za mawe hadi ghorofa ya tatu huku akipumua kwa nguvu.

"Tazama!" alisema, akaruka juu kwa uzito wake wote na kutua kwa miguu miwili. Sakafu haikutoa hata sauti. "Hii ilibeba mitambo mia moja na ishirini ikitikisika usiku na mchana. Mashine zako mbili hizo zitakuwa kama paka wamelala. Wapi Boston utapata sakafu hii?"

Odília alipiga hatua katikati ya ukumbi. Madirisha yalikuwa marefu kuliko mtu, mwanga umejaa hadi pembeni. Nguzo za mbao nene, umeme wa kutosha, lifti ya mizigo inayofanya kazi. Kwa dola elfu tatu na mia nne kwa mwezi. Moyo wake ulifurahi kabla hajaukataza, na furaha hiyo ikamtia aibu.

"Wewe mtoto wa Deolinda, siyo? Deolinda wa mstari wa nne," Raposo alisema. "Baba yangu alikuwa mnyapara hapahapa. Alimsifu sana mama yako. Alikuwa akisema, yule mwanamke haangalii kushoto wala kulia."

"Ndiyo," Odília alisema.

"Na leo mwanawe anarudi bosi. Angekuwa hai mzee angefurahi."

Odília alitia saini mkataba wa miaka mitatu juu ya kizingiti cha dirisha, maana meza haikuwapo. Alipanga kumwambia mama yake baada ya Jumapili. Wiki hiyo taji la Roho Mtakatifu lilikuwa nyumbani kwa Bi Deolinda. Mwaka huu kura ilikuwa imemwangukia yeye kulipokea, na Jumapili ndiyo angelisha watu. Haikuwa wiki ya kumletea mtu mzima habari kama hiyo.

Ofisi ya Thayer ilikwisha andika tangazo la kazi, kwa Kiingereza na Kireno, na ilitaka majina ndani ya siku kumi. Odília alilisoma ndani ya gari. Aliona mstari wa malipo, akaona na mstari wa kuhesabu muda. Alikaa nalo dakika kadhaa. Kisha akaliacha kwenye duka la mikate la mtaa wa Columbia, akamwomba muuzaji alibandike karibu na mizani.

Alikuwa amepiga hesabu yake: taji likiwa ndani ya nyumba, mwenyeji hatoki. Kwa hiyo mama yake hatafika dukani wiki hiyo. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyekaa Boston miaka kumi na tano. Alisahau kwamba taji likiwa ndani, mtaa mzima huja kusali mbele yake kila jioni.

*

Alhamisi asubuhi simu ililia. Bi Deolinda alisema neno moja, "Njoo," akakata.

Sebuleni palikuwa pamejengwa madhabahu ya maua meupe hadi darini, na juu yake taji la fedha. Odília alipiga ishara ya msalaba, akaenda jikoni. Mama yake alikuwa mezani amezungukwa na makabichi, anayakata kwa ajili ya Jumapili.

"Mama, nibariki."

Tangu ajue kusema, kila alipoingia nyumba hii aliomba hivyo na kujibiwa, Mungu akubariki mwanangu. Leo kisu kiliendelea kupanda na kushuka.

"Natércia wa jirani alikuja jana kusali," Bi Deolinda alisema hatimaye. "Akapiga goti, akasali, akainuka, akanikumbatia mbele ya watu. Deolinda we, kumbe una siri! Mwanao anatuletea kazi kiwandani! Watu ishirini na saba sebuleni kwangu, wote wanajua. Mimi nimesimama na rozari mkononi kama chizi."

"Nilitaka kukuambia baada ya Jumapili."

"Baada ya watu kunywa supu yangu."

"Mama..."

"Miaka thelathini nawalisha watu namshukuru Mungu kwamba hujaingia mle. Mwaka huu nao nilikuwa niwalishe, nishukuru, na wewe ufunguo wa mle uko mfukoni. Wangenitazama nikishukuru. Hilo uliliona?"

Odília alikaa bila kuambiwa akae. "Siendi kushona, mama. Kampuni ni yangu. Uliomba nisiule ule mkate kama ulivyoula wewe. Sitaula hivyo. Nitakuwa na ofisi."

"Usinifundishe nadhiri yangu."

Bi Deolinda alifuta mikono, akavaa miwani, akatoa tangazo kwenye droo ya vijiko. Natércia alikuwa amelibandua na kumletea kama zawadi. Alilisoma kwa kidole, kidole chenye kucha iliyopasuliwa na sindano na kuota upya mara mbili.

"Hapa, malipo kwa kipande. Haya nayajua. Hapa, muda wa cherehani kusimama utahesabiwa. Nani atahesabu?"

"Hakuna mtu. Ni kidude tu kinafungwa."

"Raposo mzee alikuwa na saa ya mnyororo. Alisimama nyuma yetu. Lakini ukigeuka, unamwona, na yeye anakuona, na siku nyingine anaona haya. Kidude utakigeukia wapi?"

"Ni masharti ya mwekezaji. Si yangu."

"Raposo naye alikuwa na wakubwa zake. Kila Ijumaa, jamani si mimi, ni ofisi ya New York."

Odília alihisi uso unawaka. Yale aliyokuwa ameyabeba tangu siku ya barua yalimtoka yote kwa pamoja. "Unataka nifanye nini, mama? Nifunge? Nina fedha za miezi miwili. Mwanangu analala kabatini. Boston haitutaki! Miji yote nimezunguka. Kuna wanawake wana mikono kama magogo wananisubiri, na mahali pekee penye sakafu na watu ninaoweza kuwalipa ni pale. Pale! Ungeniambia nini?"

Bi Deolinda aliliweka tangazo mezani. Hasira ilikuwa imemwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, maana kilikuwa huzuni.

"Tangu asubuhi nilikuwa nawaza kulirudisha taji," alisema. "Hakuna aliyewahi kulirudisha kabla ya Jumapili yake. Ningelibeba mchana kweupe, wote waone. Kisha nikawaza vizuri. Roho Mtakatifu hana kosa. Nilimwomba mwanangu asiwe mshonaji wa kiwandani, na si mshonaji. Amenipa sawasawa nilivyomwomba." Alichukua kabichi jingine, akalipasua katikati. "Sikukumbuka kuomba asiwe mnyapara."

Odília aliinuka kuondoka.

"Jumapili njoo," mama yake alisema. "Njoo na mumeo na mtoto. Chakula ni cha watu wote."

*

Jumapili baada ya misa watu walimjazia Bi Deolinda nyumba, ua na ngazi za nyuma. Meza ndefu za kuazima kutoka ukumbi wa parokia zilipangwa uani, zikatandikwa karatasi nyeupe. Harufu ya nyama iliyochemka na mnanaa ilifika hadi barabarani.

Odília alipita moja kwa moja hadi jikoni, kama mwaka jana na mwaka juzi. Kazi yake ilikuwa kukata mkate na kuupanga kwenye mabakuli kabla ya kumwagiwa supu. Wanawake saba au wanane walikuwa mle, wengi walioshona na mama yake. Walikuwa wanacheka alipofika mlangoni. Wakaacha.

"Aproni ziko wapi mwaka huu?" aliuliza.

Bi Natércia, jirani wa mama yake, mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyemfundisha Odília kuendesha baiskeli, alimshika mkono na kumtoa taratibu. "Hapana, bosi. Utachafuka."

"Bi Natércia, jamani. Ni mimi."

"Ndiyo, tunakujua. Ndiyo maana."

Alisema kwa upole kabisa, na macho yake yalikuwa yanataka kupendeza. Odília aligundua kwamba mwanamke huyu aliyemfunga vidonda vya magoti utotoni alikuwa anamwogopa kidogo. Alitamani angetukanwa.

Mama yake alitokea nyuma yao na sufuria. "Mahali pake si hapa," aliwaambia wenzake, kisha akamwambia binti yake, "Meza ya mbele. Nimekuwekea kiti."

Meza ya mbele ilikuwa ya padri, wazee wa kamati ya sikukuu, na Abílio Raposo. Hapo ndipo mzee Raposo alipokuwa akiketi kila mwaka, na baada yake mwanawe. Kiti kitupu kilikuwa pembeni mwa Raposo. Raposo alikivuta na kukipangusa kwa kiganja.

"Karibu upande huu," alisema.

Gil na Benedita walikuwa wamewekwa meza ya tatu, na washonaji. Odília aliwaona kwa mbali. Padri alibariki chakula, supu ikaanza kupita. Watu walikula kimya kwanza, kama ilivyo desturi, kisha mazungumzo yakaanza kuchemka meza kwa meza. Mwanamke mmoja alipita kumwambia Odília kwamba amejaza fomu. Mwingine akamwambia kwamba anaweza kuanza hata kesho. Wa tatu alisema binti yake amezaa na bwana ameondoka, na kwamba yeye hachagui zamu. Kila mmoja alisema asante kabla hajapewa chochote.

Kisha Bi Natércia alikuja na kikapu cha mkate. Alikiweka mezani, lakini hakuondoka.

"Samahani, bosi. Nina swali moja, na najua leo si siku yake."

"Uliza, Bi Natércia."

"Ni hizo dakika kumi na mbili." Alishusha sauti, lakini meza zilikuwa zimenyamaza, na sauti ndogo ndiyo husikika. "Kwenda msalani kumo ndani yake? Maana mimi nina kisukari, naenda mara nyingi. Silalamiki. Nataka kujua tu, ili nipunguze kunywa maji nikijua nina zamu."

Odília alikisogeza kikapu kando.

"Sitaki yanipate yale ya zamani tena," Bi Natércia aliendelea, akijaribu kucheka. "Mimi na mama yako, mwezi wa saba, jua linachoma, tunarudi nyumbani tumefunga sweta kiunoni kufunika sketi. Watu wanatuuliza, mnasikia baridi?"

Hakuna aliyecheka naye. Wanawake wa meza ya tatu walitazama mabakuli yao. Odília aliinua macho akamwona mama yake kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi, uso umeinamishwa chini. Miaka yote hii hajawahi kuuona uso ule umeinama mbele za watu. Odília aliikumbuka sweta ya kijani ya mama yake. Alikuwa akiiona mlangoni utotoni, imeanikwa peke yake, na aliamini ni ya kuvaa kazini.

Raposo alikohoa. "Mambo ya ofisini hayo, jamani. Leo tule."

Odília alimtazama Gil kule meza ya tatu. Hawakuwa na haja ya kusemezana. Walikwisha kaa na jedwali la Thayer mara tatu, na wote wawili walijua bei ya jibu: nusu ya pili ya fedha haiji, mashine ni moja, hospitali ya tatu inangoja mwaka mwingine au inakwenda kwingine. Fleti ya Somerville inarudishwa, na wao wanahamia ghorofa ya juu ya nyumba hii, chini ya paa. Gil alifumba macho kidogo, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano, akatikisa kichwa kukubali.

"Utakwenda kila utakapohitaji," Odília alisema. "Na maji utakunywa. Hakuna atakayehesabu."

"Na kile kidude?"

"Hakitafungwa."

"Kumbe tangazo lilikosewa," Bi Natércia alisema, akapumua. "Nilijua. Niliwaambia hawa, mtoto wa Deolinda hawezi."

Ingekuwa rahisi kuikubali njia hiyo. Raposo mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa, kwamba ndiyo, makosa ya ofisi hutokea. Odília alisimama. Alikishika kiti kwa mikono miwili.

"Halikukosewa. Nililisoma kabla halijabandikwa. Niliona mstari huo, nikauacha." Aligeukia meza ya tatu. "Na kuna jingine. Aliyekuwa atoe fedha aliutaka ule mstari. Bila huo hatoi. Kwa hiyo kazi si ya watu kumi na wawili tena. Ni ya watu watano."

Kijiko kilisikika kikiwekwa mezani. Yule mwenye binti aliyezaa alikuwa amesimama na bakuli, akakaa pole pole. Bi Natércia aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Walikuwa wamejaza fomu kumi na wanne.

"Watano," alisema.

"Watano. Kwa mwaka wa kwanza. Zaidi ya hapo sitaki kuahidi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba bora angefungiwa kidude hata puani kuliko kukosa kazi, na hakuna aliyemnyamazisha, maana alikuwa na watoto na alikuwa anasema kweli. Odília aliyapokea maneno hayo amesimama.

Bi Deolinda alitoka mlangoni na sufuria yake. Alipita meza ya tatu, akapita kwa padri, akafika mbele ya binti yake. Bakuli la Odília lilikuwa na mkate mkavu tu. Katika mchemko ule wote hakuna aliyekumbuka kumtilia.

"Natércia," aliita bila kugeuka.

"Naam."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Mwaka kesho, tukijaliwa, umwulize tena. Hapahapa, mbele ya watu."

"Nitamwuliza."

Bi Deolinda alichota supu, akaimwaga juu ya mkate, akaongeza kipande cha nyama na kabichi. Alimwambia mwanawe aketi ale kabla haijapoa, kisha akaendelea na meza inayofuata.